Si Siasa Iliyoukausha Ushairi

Imezuka baina ya wapenzi wa lugha yetu, na hasa baina ya wale wanaohukumu mashindano ya utunzi na kuhariri kurasa za mashairi, itikadi moja ambayo kwa kukaririwa miaka mingi imekwisha kujipatia heshima ya kanuni: kwamba siasa na sanaa hazikai nyumba moja, na kwamba malenga anapokubali kuitumikia harakati yoyote, hata iwe ya haki, tungo zake hugeuka kuwa matangazo yenye vina. Wenye itikadi hii si wajinga, wala si watu wa hila. Wengi wao ni wasomi wenye masikio mema, na ushahidi wanaouleta wameuchukua mahali ambapo kila mtu aweza kwenda kuuangalia, yaani katika ngonjera za sherehe za serikali na nyimbo za kumlaki mgeni rasmi, ambazo kwa kweli ni taabu kuzisikiliza hadi tamati bila ya kupiga miayo. Lakini kutoka katika ushahidi huo wamepanda hadi kwenye hukumu ambayo ushahidi wenyewe hauibebi, nao wamefanya kama tabibu aliyeletewa mzee siku ya kukata roho, akaandika katika daftari lake kwamba mtu huyu hakupata kuwa kijana.

Mimi nadai kinyume cha hayo. Nadai kwamba zama ambazo sanaa ya maneno ya Waswahili ilichangamka kupita kawaida yake zilikuwa, aghalabu, ndizo zama ambazo watu walikuwa wameshikwa na jambo kubwa la siasa, wakigawanyika juu yake, wakipingana na kushawishiana. Na kwamba kilichokuja kuidhoofisha sanaa hiyo hakikuwa siasa kuzidi, bali siasa kupungua, pale mmoja katika wanaobishana alipokabidhiwa rungu la kuwanyamazisha wenziwe. Harakati ni watu wanaotaka jambo wasilokuwa nalo bado. Ofisi ni watu wanaolinda walilokwisha kulipata. Wapinzani wangu hulaumu ya kwanza kwa madhambi ya ya pili.

Shahidi wanayependa kumtanguliza ni Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki mnamo 1840, kwa sababu huyu, wasema, aliimba mapenzi, mafumbo, ukata na mambo ya nyumbani, na kwa hiyo ni burhani ya kwamba ushairi ulio bora huota mbali na ugomvi wa watawala. Nawashukuru kwa kumleta, maana hakuna shahidi anayewaponza zaidi. Muyaka aliishi katika Mombasa ya Wamazrui wakati mji huo ulipokuwa ukishindana na Al-Busaidi wa Omani na Unguja, ushindani uliochukua sehemu kubwa ya umri wake na kumalizika mwaka 1837 Mvita ilipoangukia mikononi mwa Sayyid Said. Na katika miaka hiyo mashairi yalivuka bahari baina ya Mvita, Lamu na Unguja yakipeleka vitisho, kejeli, hoja na maonyo, na kule yalikofika palikuwa na watu, kama Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, waliojua kuyapokea na kuyajibu. Hutajwa sana kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Naam, lakini haulizi mtu ni nini kilichompeleka huko. Kwa maoni yangu jawabu liko wazi: mji unaotazamia merikebu za adui haulindwi na ulamaa peke yao, bali humtaka hamali, nahodha, mvuvi na muuza samaki waelewe sababu ya kusimama imara, na hao hawakuwa wakiongozeka kwa lugha ya vyuoni. Ilimbidi mshairi aichukue lugha wanayoisema, aipige msasa bila ya kuipunguzia nguvu, na aitie katika vina ambavyo mtu aweza kwenda navyo nyumbani bila ya karatasi. Lugha hiyo, ilipokwisha kuzoea kazi ya vita, ndiyo aliyoiimbia pia mapenzi. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu hata baada ya yeye mwenyewe kuzikwa, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuzifafanua katika karne ile ile. Na watu, kama tujuavyo, hawahifadhi matangazo.

Nusu karne baada yake, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa upande wa Tanga aliyekuwa mjuzi wa tenzi za vita vya dini kwa utaratibu wa kale, aliona Wajerumani wakiitamalaki Mrima na Abushiri akinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Alichukua umbo lile lile la utenzi, lenye beti fupi za mistari minne, ambalo hadi siku zile lilikuwa aghalabu la visa vya Mtume na masahaba, akaliingiza manowari, mizinga, mazungumzo ya wakubwa na fadhaa ya watu wa pwani. Wangekuwapo wakati ule, wahakimu wetu wa leo wangalimwambia kwamba anaunajisi utenzi kwa habari za siku. Utenzi haukunajisika, ulipata kazi mpya, na baadaye Abdul Karim bin Jamaliddini akaufuata mkondo huo huo kwa vita vya Maji Maji.

Kwa Siti binti Saad sitakawia, kwa kuwa habari zake zajulikana na Shaaban Robert amekwisha kumwandikia wasifu. Ila nitasema hivi: taarab ambayo kasrini ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu haikushuka Ng'ambo na kuvaa Kiswahili kwa sababu ya mabadiliko ya ladha tu. Ilishuka katika miaka ile ile ambayo wapangaji wa Ng'ambo walikuwa wakigombana na wenye ardhi hata wakagoma kulipa kodi, na mwanamke huyu wa Fumba, ambaye mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay, alikuwa akiimba juu ya mahakimu, dhuluma na heshima ya wanyonge kwa wasikilizaji waliomjua kila aliyesemwa kwa fumbo.

Sasa nifike penye kiini cha ugomvi, yaani Tanganyika ya kudai uhuru. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuwa, kwa wingi wa waanzilishi wake, chama cha makarani, walimu na wafanya biashara, wanaume watupu, wanaojua kuandika maazimio. Mwaka uliofuata alitakiwa mwanamke wa kuwaingiza wanawake, naye aliyepatikana, Bibi Titi Mohamed, hakuwa na shahada wala cheo: alikuwa mwimbaji kiongozi wa chama cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakutawanya nyaraka. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma wenziwe, wanawake waliokuwa na sare zao, michango yao ya harusi na maziko, na mashindano yao ya miaka mingi, akasema nao, na vyama hivyo vikaja pamoja na watu wao, hata katika muda mfupi kadi za wanawake zikahesabiwa kwa maelfu.

Mtu asiyepata kuhudhuria ngoma za namna hii hajui ufundi uliomo. Mwanzilishi hutoa ubeti, wenziwe wamesimama safu hupokea kiitikio, naye hana muda wa kuufikiri ubeti unaofuata zaidi ya urefu wa kiitikio chenyewe. Katika muda huo mfupi jina la bibi arusi laweza kutoka na jina la mgeni likaingia. Fumbo lililotungwa kuwachoma wapinzani wa mtaa wa pili laweza kugeuzwa uso likamwelekea gavana. Na hadhira, ambayo imelelewa katika kutegua mafumbo, hucheka kabla askari aliyesimama pembeni hajajua kwamba kuna neno lililosemwa. Ustadi huu haukuletwa na TANU. Ulikuwapo. Lakini ulikuwapo katika nyua za harusi, ukidharauliwa na waliosoma, na kukemewa na wahubiri wa dini zote mbili kuwa ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Harakati ndiyo iliyoutoa uani ikausimamisha Mnazi Mmoja mbele ya umati. Watanijibu kwamba chama kiliitumia ngoma. La haula! Kiliitumia, nani abishe? Na ngoma ilikitumia chama: ilipata kiwanja, ilipata hadhira isiyokuwa ya mtaa mmoja, na zaidi ya yote ilipata jambo la kusema ambalo matokeo yake hayakuwa yakijulikana, kwa maana mwimbaji wa mwaka 1955 hakujua kama ataishia katika baraza la uhuru au katika jela ya Mwingereza.

Na wenye vitabu, je? Wale wanaojifanya walinzi wa vina na mizani, na wanaosikitika kuwa siasa imeuharibu ushairi wa jadi, kitabu wanachokishika mkononi wanapotoa hukumu zao ni kile cha Kaluta Amri Abedi juu ya sheria za kutunga mashairi, kilichopigwa chapa mwaka 1954. Mwandishi wake hakuwa mtawa. Alikuwa mhubiri, kisha Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri hadi mauti yake mwaka 1964. Saadani Kandoro, ambaye diwani yake imejaa malumbano ya kishairi, alikuwamo katika mkutano ulioiunda TANU. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo, aliyetunga utenzi wa Injili na kuongoza chama cha washairi cha UKUTA, alikuwa mtu ambaye katika zama nyingine angeambiwa kwa adabu kwamba bahari hizi si za bara. Harakati iliyotaka taifa moja lenye lugha moja ndiyo iliyomfungulia mlango, na pwani ikalazimika kumkaribisha, mara nyingine kwa kununa.

Hapa mpinzani mwerevu, kwani wako werevu, huacha habari ya Muyaka na kunijia kwa njia nyingine. Asema: ushairi uliamshwa na shule na mitambo ya chapa, siasa ikaukuta macho. Gazeti la serikali *Mambo Leo* lilikuwa likichapisha mashairi tangu mwaka 1923, na washairi walijibizana humo kwa lakabu zao miongo mitatu kabla ya Saba Saba. Hoja hii ina uzito na siidharau. Lakini tuitazame kwa insafu. Mashine ya chapa hutoa nakala. Haitoi sababu ya kutunga. Katika gazeti la mkoloni mtu aliweza kubishana juu ya wema na choyo, juu ya ndoa, juu ya kama fedha ni bora kuliko elimu, ila hakuweza kuuliza nchi ni ya nani. Na ufundi uliopevuka katika mabishano madogo ulikuwa ukingojea bishano kubwa. Walipopata magazeti yao, kama *Mwafrika* na kisha *Uhuru*, washairi wale wale hawakuhitaji kufundishwa kujibizana.

Vilevile huniletea Shaaban Robert, mtumishi mtiifu wa serikali, aliyepewa hata nishani na Mwingereza, kuwa ni dalili kwamba aliye mkubwa kupita wote hakuwa mtu wa chama. Sikatai kwamba hakuwa mtu wa chama. Lakini na wafungue *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, wamsome Karama akisimamishwa mbele ya madiwani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, kisha waniambie kwa macho makavu kwamba kitabu hicho kiliandikwa na mtu asiyejua kilichokuwa kikisemwa barazani Tanganyika. Aliyekaa nje ya mkutano aweza kuusikia vizuri kuliko aliyemo.

Wala sitaikwepa ngonjera, maana ndiyo rungu lao. Sisi tuliopita katika shule za msingi twaikumbuka: watoto safu mbili, safu moja imepewa ujinga na ya pili imepewa busara, mjinga auliza, mwenye busara ajibu, mjinga ashuku kidogo, kwa kuwa ubeti wa nne umemwagiza ashuku, na kufikia ubeti wa kumi mjinga amekwisha kuongoka na wote wanaimba pamoja huku mwalimu akimtazama mgeni rasmi kwa pembe ya jicho. Ni sanaa hafifu, nasi tukubaliane hivyo. Ila tujiulize ni kitu gani kilichopungua. Umbo ni lile lile la majibizano, ambalo kwa karne nzima lilikuwa uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili. Vina vimo, mizani imo, na Mnyampala mwenyewe alikuwa fundi. Kilichopungua ni mpinzani. Mwaka 1965 nchi iliwekwa chini ya chama kimoja kwa katiba. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka uliofuata Rais akawataka washairi wakaliseme Azimio kwa wananchi. Katika hali hiyo safu ya pili ilikuwa imekwisha kushinda kabla ya pazia kufunguliwa. Siasa ni kushindana kwa maoni, na hapa mashindano yalikuwa yamefungwa. Basi ngonjera ile ilikuwa na upungufu wa siasa, si ziada.

Na hata katika miaka hiyo moto haukuzimika wote. Ebrahim Hussein alitoa *Kinjeketile* mwaka 1969, tamthilia iliyoirudia Maji Maji na kuuliza swali ambalo ofisi haikulipenda sana: je, imani inayowaunganisha watu yafaa hata ikiwa si ya kweli, na nani atakayebeba damu yake? Euphrase Kezilahabi akaja na *Kichomi* mwaka 1974, akavunja vina na mizani, na kuzusha baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ugomvi mkali uliowalazimisha watu kufikiri upya ushairi ni nini. Kisha katika *Gamba la Nyoka*, mwaka 1979, akavitazama vijiji vya ujamaa kwa jicho lisilopepesa. Wapinzani wangu humhesabu Kezilahabi upande wao, eti kwa sababu aliikosoa siasa. Ajabu ya Mungu! Mtu aliyetumia miaka kuandika juu ya Ujamaa, ahadi zake na ulaghai uliofanywa kwa jina lake, awe ni ushahidi kwamba fasihi hustawi isipoijali siasa? Ondoa Azimio, uondoe na kitabu.

Ng'ambo ya mpaka, mambo yalikuwa makali zaidi. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alisambaza kijitabu chenye kichwa *Kenya: Twendapi?*, akiwa upande wa chama cha KPU cha Oginga Odinga, akahukumiwa miaka mitatu. Gerezani alitunga, na kwa kuwa hakuruhusiwa karatasi aliandika juu ya zile za chooni. Ningependa wale wanaosema kwamba siasa hufanya lugha iwe nyepesi wakae na *Sauti ya Dhiki*, kilichotoka mwaka 1973, jioni moja tu. Watakuta Kimvita cha ndani kabisa, maneno ambayo vijana wa mjini walikuwa wamekwisha kuyaachia mabibi zao, tarbia zilizosimama wima, mafumbo yenye tabaka mbili na tatu: kila kilichokuwa kikisemwa kuwa kinakufa kilikuwa hai mikononi mwa mtu wa miaka ishirini na kitu aliyefungwa kwa sababu ya siasa. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia mtunzi jela. Sina la kuongeza hapo.

Kule Kamirithu, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi waliojenga jukwaa lao wenyewe waliigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na kabla ya mwaka kwisha kibali kilifutwa na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Siasa ndiyo iliyojenga jukwaa lile. Aliyelifunga alikuwa mkuu wa wilaya mwenye saini na mhuri.

Mwisho hunikumbusha nyimbo za kampeni za siku hizi, na wasanii wanaopanda jukwaa la mgombea huyu msimu huu na la hasimu wake msimu ujao, wakiuliza kama hiyo ndiyo siasa ninayoitetea. La hasha. Huo ni ujira, na sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Lakini mwimbaji huyo hana anayetaka kumshawishi, wala aliyemlipa hatarajii kushawishika. Afadhali watazame jambo lililotokea mwezi wa Machi 2017, Nay wa Mitego alipotoa wimbo *Wapo* wa kuwasema wakubwa na wadogo. Baraza la sanaa likauzuia. Polisi wakamkamata mwimbaji. Kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe, wimbo upigwe, na akapendekeza watu wengine wa kuongezwa katika orodha ya wanaosemwa. Sihukumu kama wimbo ule ni mzuri, na ruhusa iliyotoka juu yaweza kurudi juu. Ila kwa siku zile chache baraza, polisi, waziri na Rais walikuwa wote wasikilizaji wa msanii mmoja, na kila mmoja alikuwa na neno la kumjibu. Wimbo wa kampeni haujapata kusikilizwa kwa makini hivyo hata na yule aliyeulipia.